tinySA Ultra: maoni yangu kwa tunaotengeneza vifaa vya umeme na tunataka vipite maabara

Wakuu, kwa yeyote anayetengeneza kitu cha kuchomeka ukutani na anataka kukiuza kihalali, iwe ni kontrola ya inkubeta, chaja, taa au mita, leo naongelea hii spektramu analaiza ndogo (kifaa kinachochora kwenye skrini nguvu ya mawimbi kwa kila masafa) inayoitwa tinySA Ultra, maana naona kila siku watu wanaulizana kama inatosha kupima kelele za umeme (sio sauti, ni mawimbi ambayo kifaa kinatoa yakasumbua vifaa vingine) nyumbani ili ukifika maabara usirudishwe. Jibu langu ni nunua, kwa bei yake sijaona kinachoikaribia. Ila haipimi usalama hata kidogo, na mtu akiitumia kutuliza kelele bila kuweka vipimo vya usalama kwenye mpango huohuo anaweza akatoka na kifaa kimya kabisa ambacho kinampiga mtu shoti. Hapo ndo nitakaa muda mrefu, maana ndo sehemu isiyoongelewa.

Kwanza kifaa chenyewe. Kinakaa kiganjani, skrini ya kugusa ya inchi 4, betri iko ndani, na kuna sehemu ya kuchomeka kadi ya memori ukahifadhi picha ya skrini na data. Aliyekibuni ni Mholanzi Erik Kaashoek, mtu wa redio za ridhaa, na toleo la kwanza kabisa lile dogo la inchi 2.8 lilitoka 2020. Hii Ultra inasoma kuanzia kilohezi 100 mpaka megahezi 800 kwa hali ya kawaida, alafu ukiwasha hali ya ultra kwenye menyu inapanda mpaka kwenye magigahezi. Bei inacheza kwenye dola 120 mpaka 150 kabla ya usafiri. Feki zimejaa sokoni, zinafanana na original kwa sura lakini ndani hazisomi vizuri, kwahiyo kabla ya kulipa ingia kwenye wiki ya mradi wenyewe uangalie wauzaji wanaotambulika na jinsi ya kutofautisha, usinunue kwa sababu tu duka limepunguza bei.

Kwanini hayo masafa yanatutosha? Kwa sababu kwa vifaa vingi vya nyumbani viwango vinagawa kelele sehemu mbili: ile inayorudi kwenye waya wa umeme, inapimwa kuanzia kilohezi 150 mpaka megahezi 30, na ile inayoruka hewani, inapimwa kuanzia megahezi 30 kwenda mpaka gigahezi 1 hivi. Ya kwanza yote inaingia kwenye tinySA bila shida, ya pili sehemu kubwa inaingia.

Kilichonifurahisha ni kwamba jamaa waliofanya programu yake wanajua kazi hii. Unabadilisha kipimo kikaonyesha desibeli mikrovolti, kizio kinachotumiwa na viwango, moja kwa moja, huna haja ya kukaa unajumlisha 107 kila saa kutoka kwenye dBm. Unaweza kuingiza jedwali la kikomo likachorwa kama mstari juu ya skrini, ukaona mlima gani unavuka. Kuna hadi hali ya kwasi-piki kwenye menyu, ile namna ya kusoma kelele inayotumika maabara. Upana wa kusomea ule unaotakiwa na viwango ni kilohezi 9 kwenye waya na kilohezi 120 hewani, hii inakupa 10 na 100, tofauti yake ni ndogo sana kwa kazi ya kujipima kabla. Usitegemee namba ilingane na ya maabara mpaka desimali, lakini ikikuambia uko desibeli 15 juu ya mstari basi amini uko juu, na ikikuambia uko desibeli 10 chini unaweza kwenda kwa amani. Ukiwa ndani ya desibeli 5 au 6 ya mstari, upande wowote ule, hapo usijipe moyo, chukulia umefeli na uendelee kurekebisha.

Sasa, tinySA peke yake kwenye waya wa umeme haifanyi kitu. Unahitaji LISN, lile boksi linalokaa kati ya soketi na kifaa chako, kazi yake ni kukipa kifaa umeme safi na kukutolea kelele kwenye mlango wa omu 50 ambao ndo unachomeka analaiza. Kwa umeme wa ukutani tafuta ya mikrohenri 50. Na hapa naomba msome polepole. LISN ina kapasita kubwa zinazoenda ethi, kwenye volti 240 za hertzi 50 kapasita ya mikrofaradi 8 inapitisha zaidi ya nusu ampea kwenda ethi. Maana yake ni mbili. Moja, breka yako ya kulinda shoti itaruka papo hapo, kwahiyo inabidi utumie transfoma ya kutenganisha. Mbili, kama ethi ya LISN haijafungwa vizuri, mwili wa lile boksi unakuwa na umeme wa kuua, sio wa kutekenya. Funga ethi kwa boliti kwanza kabla hata hujachomeka, na usifungue mpaka umechomoa. Nyumba nyingi za kwetu soketi ina tundu la ethi lakini nyuma yake hakuna waya, pima kwanza, usidhani.

Kitu kingine, ukiwasha kifaa, ule mshtuko wa kwanza unaweza kuunguza mlango wa tinySA, ina mlango laini sana. Utaratibu ninaoufuata ni huu, atenueta (kipunguza nguvu ya mawimbi) ya desibeli 10 au 20 inakaa siku zote, ikiwezekana na kile kidude cha kuzuia mishtuko, nawasha kifaa kwanza kikatulia ndo nachomeka analaiza, na nachomoa analaiza kabla ya kuzima. Kumbuka tu kujumlisha zile desibeli za atenueta kwenye menyu, sehemu ya kurekebisha kwa kifaa cha nje ipo.

Mfano wa kazi halisi. Chukua kontrola ya inkubeta ya mayai, kitu ambacho vijana wengi Dar na mikoani wanatengeneza sahivi. Ndani kuna pawasaplai ndogo ya kushusha 240 kuwa 12, rilei inayowasha hita ya wati mia mbili hivi, feni, sensa ya joto na modemu ya kutuma meseji joto likishuka. Ukiiweka kwenye LISN ukaangalia skrini kuanzia kilohezi 150, utaona vilele vimejipanga kama meno ya kitana, kila kimoja kimeachana na mwenzake kilohezi 65. Hiyo ni pawasaplai inajikata na kujiwasha mara 65,000 kwa sekunde. Aliyechagua 65 hakubahatisha, cha kwanza kiko 65, cha pili 130, vyote viko chini ya 150 ambako kipimo kinaanzia, kwahiyo cha tatu pale 195 ndo cha kwanza kukuletea kesi. Kikomo cha pale kwa vifaa vya nyumbani ni kama desibeli mikrovolti 64, mstari unashuka kutoka 66 kwenye 150 mpaka 56 kwenye kilohezi 500, unabaki 56 mpaka megahezi 5, alafu unapanda 60 mpaka megahezi 30.

Cha tatu kikivuka kawaida tatizo ni kati ya fezi na nyutro, unaongeza kapasita ya X au koili. Lakini ukiendelea kulia kwenye megahezi 5 mpaka 20 mara nyingi unakuta kilima kinene kimevimba, hiyo ni kelele inayotoka kwa pamoja kwenye waya zote mbili kwenda ethi, na dawa ambayo kila video inakuambia ni kapasita ya Y, kutoka kwenye laini kwenda ethi. Unaongeza, kilima kinashuka mbele ya macho yako, tinySA inakuonyesha vizuri kabisa, raha tupu.

Sasa piga hesabu. Kapasita ya Y ya nanofaradi 2.2 kwenye 240 inavujisha karibu miliampea 0.17 kwenda ethi. Ya 4.7 inavujisha 0.35. Ya 10 inavujisha 0.75. Na kwenye viwango vya usalama vya IEC 60335, ambavyo ndo vinahusu vifaa vya nyumbani, na inkubeta ina sehemu yake kabisa ile 60335-2-71 ya vifaa vya joto vya kutotolea na kulelea wanyama, kikomo cha mvujo kwa kifaa cha kubebeka chenye ethi ni miliampea 0.75. Yaani kapasita moja tu imemaliza bajeti yote, kabla hujahesabu hita, ambayo ikipata moto na unyevu nayo inavujisha, na inkubeta ndani ni unyevu mtupu. Ethi ikikatika siku moja kule shambani, huo mvujo unapita kwa anayegusa. Analaiza haitakuambia lolote kati ya hayo, yenyewe inakuonyesha kilima kimeshuka tu.

Hata kapasita ya X ina masharti yake. Ukiikuza kupita mikrofaradi 0.1 lazima upime kwamba sekunde 1 baada ya kuchomoa plagi, volti kwenye pini zimeshuka mpaka 34 au chini, la sivyo mtu anachomoa plagi anashika pini anapigwa. Unaweka rizista ya kuimaliza chaji, kitu cha senti chache, lakini lazima kiwe kwenye bodi kabla bodi haijaenda kuchapishwa.

Ndo maana nasema mpango wa vipimo vya kelele na mpango wa usalama viandikwe kwenye karatasi moja. Kila ukibadilisha kitu kwa ajili ya kelele, mstari wa pili wa karatasi uulize usalama umebadilika vipi, na kinyume chake. Wengi wanapeleka kifaa kwenye usalama kwanza, kinapita, wanaenda kwenye kelele, kinafeli, wanaongeza Y, kinapita, na ripoti ya usalama waliyonayo mkononi inahusu kifaa ambacho hakipo tena. Sio karatasi tu, huyo ni mtu atakayekigusa.

Kwa hiyo kontrola, karatasi yangu inaanza na kuandika kifaa ni nini na kinaenda soko gani, maana viwango vinatoka hapo. Kelele ni CISPR 14-1, uvumilivu (kifaa kuhimili kelele zinazotoka nje) ni CISPR 14-2, usalama ni IEC 60335-1 na ile ya 71, TBS, shirika la viwango la Tanzania, kwa ajili ya alama ya ubora, na kwa sababu kuna modemu basi TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nao wanaingia. Nunua modemu ambayo yenyewe tayari ina ripoti zake, itakupunguzia mzigo, lakini haifuti mzigo wa bodi nzima.

Alafu vipimo vya usalama ambavyo unaweza kuvijaribu mwenyewe mapema au kwa fundi mwenye vifaa: ethi kutoka kwenye terminali ya ethi ya kifaa (waya wa plagi hauhesabiwi) mpaka kwenye bati la mwili isizidi omu 0.1 ukipitisha mkondo wa ampea 25, multimita ya kawaida haiwezi kukuonyesha hiyo kwa uhakika kwa sababu inapitisha mkondo mdogo mno, waya uliobaki uzi mmoja utaonekana mzima. Kidole cha majaribio, lile dude lenye viungo kama kidole cha mtu, lisifikie sehemu yenye umeme kupitia matundu ya hewa. Plastiki inayoshikilia viunganishi vya umeme, kwa kifaa kinachoachwa peke yake usiku kucha kama inkubeta, inapimwa kwa waya uliowaka moto wa nyuzi 850, kwahiyo yale maboksi ya plastiki ya bei chee tuliyozoea kuyanunua Kariakoo omba karatasi zake kwanza, na kama muuzaji hana basi tafuta lingine. Na jaribio ambalo mimi nalipa uzito kuliko yote: unaziba feni, alafu unagandisha rilei ikiwa imewaka, kama vile mguso wake umeyeyuka ukashikana. Kifaa kinatakiwa kijizime chenyewe kabla hakijawa moto wa hatari. Kama kinachozima ni programu hiyohiyo inayoiendesha rilei, umefeli, kwa sababu rilei haisikii tena. Lazima kuwe na kikata joto cha pembeni, chenye waya wake.

Nirudi kwenye tinySA, maana rilei ina jambo lingine. Kila inapokata hita inapiga cheche, na cheche ni kelele ya muda mfupi. CISPR 14-1 ina utaratibu wake wa kuhesabu hiyo mipigo, ikiwa ni mifupi chini ya milisekunde 200 na inatokea mara chache kwa dakika unaruhusiwa kikomo cha juu zaidi, ikizidi unabanwa. tinySA ikiwa inapita kutoka masafa ya chini kwenda juu, hiyo cheche inaikosa, inatokea ikiwa analaiza iko sehemu nyingine. Unachofanya ni kuisimamisha kwenye masafa mamoja, ikae inasoma kwa muda tu bila kusogea, utaona mpigo unavyoruka kila rilei inapoachia. Kuhesabu rasmi kuna mashine yake maabara, lakini angalau unajua kama unahitaji snaba (rizista na kapasita za kupunguza cheche) kwenye rilei au laa, na unajua ukiongeza nafasi kati ya kuwasha na kuzima hita idadi ya mipigo inashuka bila kununua chochote.

Upande wa hewani ndo kifaa hiki kinapopungukiwa. Chumba chako kimejaa redio, kati ya megahezi 88 na 108 stesheni za FM za jiji zima zimesimama kwenye skrini, mitambo ya simu iko pale 900, na kwa sababu mlango hauna vichujio vya kutosha mawimbi makali yanazalisha vivuli ambavyo havipo. Kwahiyo usiweke antena mezani ukadai umepima. Tumia zile probu ndogo za duara, pitisha sentimita moja juu ya bodi, kifaa kikiwa kimezimwa na kikiwa kimewashwa, kinachotokea ukiwasha tu ndo chako. Hazikupi namba ya kulinganisha na kikomo, zinakuonyesha kona gani ya bodi inapiga kelele, na hiyo inatosha kujua pa kuweka nguvu. Mlalamiko mwingine ni menyu, vitufe ni vidogo na vimejificha ndani ya vingine, na ukibana upana wa kusomea inakuwa polepole mno. Ukiiunganisha na kompyuta hali inakuwa nafuu.

Uvumilivu haiupimi kabisa, na kwa inkubeta huo ndo uhai wa mayai. Mayai ya kuku yanataka nyuzi 37.5 kwa siku 21. Modemu ya 2G ikituma meseji inavuta mkondo wa mpaka ampea 2 kwa mipigo 217 kila sekunde, na waya mrefu wa sensa unaipokea hiyo kama antena. Sensa ikisoma 35 wakati ukweli ni 37.5, hita inaendelea kuwaka na mayai yanapikwa. Jaribio la bure, tuma meseji mfululizo huku simu na modemu viko karibu na waya wa sensa, angalia namba kwenye rekodi ya programu, sio kwenye skrini kwa macho. Na kabla ya kwenda maabara andika wewe mwenyewe kupita ni nini. Skrini ikipepesa na kurudi inakubalika? Kifaa kikijizima na kujiwasha je? Joto likitoka kwa nusu nyuzi je? Usipoandika, fundi wa maabara atachagua kwa niaba yako, na yeye hajui kuku.

Kuhusu maabara, hakikisha ina ithibati ya ISO/IEC 17025 na kwamba namba ya kiwango chako imo kwenye orodha ya ithibati yao, sio kwamba wana ithibati ya kupima saruji. Kama unawaza kuuza nje, uliza kuhusu ripoti ya mfumo wa CB, inapokelewa nchi nyingi bila kurudia vipimo vyote. Wengi wanatoza kwa saa, kwahiyo nenda na sampuli zaidi ya moja, moja ya usalama kwa sababu jaribio la kupitisha volti elfu na zaidi linaweza kuiua, nyingine ya kelele, na kwenye hii ya pili anza na kelele, kisha uvumilivu, mishtuko ya radi iwe ya mwisho kabisa. Beba programu maalumu inayowasha kila kitu kwa pamoja, hita, feni, modemu, bila kusubiri joto lishuke. Beba waya wa umeme utakaouza nao, maana waya tofauti ni matokeo tofauti. Na orodha ya vipuri vya usalama na vyeti vyake: transfoma, kapasita za X na Y, rilei, fyuzi, kikata joto, plagi. Baadaye ukiishiwa ukaweka Y isiyo na alama kwa sababu original zimeisha dukani, ripoti yako haihusu tena ulichouza.

Kwa wanaotengeneza vitu vya volti 12 tu, kama GPS za bodaboda na chaja za gari, mambo ni mepesi zaidi. Transfoma ya kutenganisha hamuihitaji, tinySA ileile inafaa, ila LISN ni ya mikrohenri 5, mbili, moja upande wa chanya na moja hasi, na kiwango ni CISPR 25. Huko kikomo kwenye FM ni kikali kweli, kwa sababu kinachopimwa ni kama redio ya gari hilohilo itasikika kifaa chako kikiwa kimewashwa.